Uso Usio na Doa

Bernardo wa Mkonze alianza kupiga picha enzi za filamu, enzi ambazo binti akiingia studio neno la kwanza ni, "Kaka, nitoe vipele." Naye alivitoa kweli, kwa penseli iliyochongoka, juu ya negativu, taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Watu walimpendea hilo.

Simu zikaja zikammaliza. Alibaki na picha za pasipoti, na kopo la biskuti lililojaa negativu.

Humo ndimo alimoikuta sura ya mama wa jirani yake, Asnath. Marehemu hakuacha picha nyingine duniani. Msalaba wa kaburi lake ulikuwa usimikwe Jumamosi, na Asnath alitaka mama yake akae pale msalabani, ndani ya kioo. Dada wa marehemu angetoka Kongwa kuja kumwona mara ya mwisho.

Skana ya Bernardo ilikuwa nzima. Kazi ilikuwa kwenye programu ya kusafishia picha. Ile ya bure ilipitisha maandishi usoni, kama chapa ya ng'ombe wa mnadani, na filamu yenyewe ilishaliwa na ukungu. Ya kulipia haikuandika kitu, tena ilijisifu kufuta kila doa. Bei yake sasa! Ilikuwa ni zile bati za jiko alizomwahidi mkewe, Sidonia, kabla ya mvua.

"Baba Wilbert, hiyo programu inaliwa?" Sidonia aliuliza.

"Hailiwi."

"Inaezekwa?"

"Nikiwa nayo watu watarudi, mama. Kila nyumba ina negativu zake zilizosahaulika."

"Haya. Watanikuta nasonga ugali na mwavuli."

Bernardo alizunguka na wazo hilo siku kadhaa, kisha akanunua. Ukungu ukayeyuka mbele ya macho yake. Na pale katikati ya paji la uso, penye ile alama ya duara waliyochanjwa Wagogo wa zamani wangali wadogo, pakawa laini kama yai. Bernardo aliona. Akafurahi, maana ni mabinti wangapi walimwomba awafiche alama hiyo hiyo? Akajiona amemheshimu marehemu.

Jumamosi msalaba ukavuliwa kitambaa. Mama mkubwa wa Asnath akasogea na fimbo yake, akaitazama picha, akaitazama tena.

"Huyu nani?"

"Si mama huyo, Mama mkubwa!"

"Mdogo wangu tulichanjwa siku moja, wembe mmoja." Akagusa paji lake. "Alama yangu hii hapa. Yake iko wapi? Mmenitoa Kongwa kuja kumwona mke wa nani?"

Mmoja alicheka, akajikuta yuko peke yake. Bibi akageuka, akaenda kukaa garini, na huko hakutoka mpaka lilipoondoka.

"Naweza kuirudisha," Bernardo alimwambia Asnath. "Nazima tu ule ufutaji, anatoka kama alivyokuwa."

"Na Mama mkubwa utamrudisha kwa kubonyeza wapi?"

Aliuzima hata hivyo. Mama akatoka na ukungu wake wote, na alama yake katikati ya paji. Bernardo akaichapa picha hiyo, akaipeleka mwenyewe, mvua ya kwanza ikimnyea njiani.

"Shikamoo, baba," Asnath alisema, kwa adabu zote, bila kumpisha mlangoni. "Iweke tu hapo."