Mikono Iliyoogesha Watoto wa Ihanda

Ukifika Ihanda ukauliza ni nani aliyemwogesha fulani alipozaliwa, hutangoja jibu. Ni Ferista. Mwenyekiti wa kitongoji aliogeshwa na Ferista. Mwalimu wa kwaya naye aliogeshwa na Ferista, na akijifanya mkubwa bibi huyo humkumbusha mbele za watu jinsi alivyomkojolea kifuani. Mwanamke akijifungua, kabla ndugu wa mume hawajafika na kuku wao, Ferista alikuwa ameshabandika maji jikoni, amekunja mikono ya gauni, na beseni lake la bati liko tayari.

Na kuogesha kwake kulikuwa kuogesha kweli, si kunyunyiza. Maji ya moto, moto ule wa kumfanya mzazi agune kitandani. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, maana sabuni za kunukia aliziita za wavivu. Dodoki. Na mwisho konzi ya chumvi ya Ivuna kwenye maji ya kusuuzia, ati ngozi ikaze. Mtoto alilia mpaka akachoka, kisha akalala kama gogo, na wanawake wakasema, "Mikono ya Ferista ina baraka." Aliyaamini maneno hayo. Wewe ungeambiwa hivyo maisha yako yote, usingeamini?

Mumewe, mzee Boazi, alifariki mwaka ambao kahawa ilizaa mpaka matawi yakainama. Mtoto wao wa pekee, Hezron, akaoa binti wa Ileje aitwaye Yunisi, msichana mpole wa sauti lakini mgumu wa shingo. Kifungua mimba wao akawa wa kiume, akapewa jina la babu yake. Basi hapo Ferista alirudishiwa uhai. Mjukuu mwenye jina la babu ni mume wa bibi, na utani huo hauishi. "Mume wangu ameamka?" aliuliza kila asubuhi akipiga hodi. "Mume gani huyu hana hata jino, atanilisha nini mimi?" Alimfumia sweta la sufu, na kofia, na soksi, kwa sababu baridi ya Mbozi mwezi wa sita haina adabu.

Mtoto alipoanza kukaza shingo, mashavu yake yakawa mekundu na makavu. Mikunjo ya viwiko na magoti ikapasuka, ikatoa majimaji. Alijikuna mpaka shuka likawa na damu. Ferista aliona aibu, tena aibu nzito. Watoto wa kijiji kizima wang'ae kwa mikono yake, halafu wake mwenyewe awe na magamba! Akafanya lile alilolijua: akazidisha. Maji ya moto zaidi, dodoki zaidi, chumvi zaidi. Boazi akazidi kupasuka, na kwenye kisima kuna waliosema, wakijua anasikia, kwamba mganga hajigangi.

Yunisi hakugombana na mtu. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kituo cha afya. Nesi akamtazama Boazi, akasema hiyo ni pumu ya ngozi. Si uchafu, si laana, wala si maziwa ya mama. Kuna watoto wanaozaliwa na ngozi isiyoshika unyevu, inakauka upesi na kuwasha. Amwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, muda mfupi, kwa sabuni isiyo kali wala kunukia, bila kusugua. Amkaushe kwa kumgusagusa na kitambaa, na ngozi ikiwa bado ina majimaji ampake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, mengi, mpaka ateleze, na arudie tena na tena kila siku. Kucha awe anazikata. Kinachogusa mwili kiwe nguo ya pamba, sufu iondoke.

"Haitaisha wiki hii," nesi alisema. "Itaondoka na kurudi. Kazi yako wewe ni kuituliza. Ikikolea mlete, tuone kama anahitaji dawa ya kupaka. Usinunue ya dukani."

Jioni Yunisi alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Mama, naomba kuanzia leo nimwogeshe mwenyewe. Na lile sweta, nesi anasema linamwasha."

"Mikono hii ndiyo iliyomlea mume wako," Ferista alisema.

"Najua, mama. Shida si mikono, ni maji."

"Maji yana kosa gani?"

Yunisi aliinuka akaenda kubandika maji yake ya uvuguvugu. Sweta likakunjwa, likawekwa juu ya kabati, na Ferista alilitazama kila alipopita. Ilimuuma. Asikudanganye mtu kwamba mzee haumii kwa jambo dogo. Mzee mambo makubwa ameshayazoea, ni madogo ndiyo yanayomnyima usingizi.

Mafuta ya mgando yalifanya kazi yake polepole. Shavu hili likitulia, kiwiko kile kinawaka. Mtoto alianza kulala vizuri, lakini Ferista hakuuona usingizi huo, aliona kiwiko. "Mafuta ya kupaka visigino!" alisonya. "Ndiyo anayompaka mume wangu!"

Ndipo alipokwenda Tunduma kuuza maharage. Karibu na mpaka, mahali Wazambia na Watanzania wanapogombania njia moja, kulikuwa na kijana mmoja aitwaye Clever, mwenye meza ya krimu na losheni za kila rangi. "Mayo, karibu," alimwita, kwa Kibemba cha biashara wanachomwitia kila mama. Ferista akamweleza: ni mjukuu, bado ananyonya, ngozi inampasuka.

"Ananyonya?" Clever alisema. "Hata wa jana anapaka hii. Mayo, utarudi mwenyewe kunishukuru." Akamjazia kikopo kisicho na jina, krimu nyeupe aliyoichanganya kwa mkono wake nyuma ya meza.

Kila Yunisi alipokwenda kuchuma kahawa, Ferista alibaki na mtoto, akampaka. Lo! Haikupita wiki, Boazi akawa laini kama yai. Mashavu yakarudi, mikunjo ikafunga. Ferista alimrusharusha akicheka, "Unaona, mume wangu? Unaona nani anakupenda?" Akakusudia kunyamaza. Moyo wake ulikuwa umeridhika, na kama angebaki hapo, pengine angejua yeye na Mungu wake tu.

Jumapili, Yunisi alisimama kanisani kutoa shukrani. Alileta debe la mahindi na jogoo. Akasema anamshukuru Mungu, halafu akasema anamshukuru nesi aliyemfundisha kumtunza mtoto, na kina mama wengine wenye watoto wa ngozi hiyo wasikate tamaa, wapake mafuta tu, watulie. Watu wakaitikia amina. Ferista alisikia kila amina kama kofi. Hakuna aliyegeuka kumtazama, yeye aliyewaogesha nusu ya kanisa lile!

Mdomo uliponza kichwa. Alisimama.

"Nesi gani?" alisema kwa sauti. "Aliyemponya mtoto huyu ni mimi. Mama yake akienda shamba nampaka dawa yangu niliyotoa Tunduma. Mafuta ya mgando yameponya nini hapa duniani?"

Watu walicheka, na wazee wenzake wakampigia vigelegele. Akakaa ameshiba sifa. Yunisi naye akakaa, bila kumalizia alilokuwa akisema.

Kikopo kilikuwa kimekwisha tayari. Kabla Ferista hajapata nauli ya kurudi kwa Clever, ngozi ilirudi, na ilirudi na hasira. Mtoto aliwaka uso mpaka nyayo kama aliyemwagiwa uji wa moto. Hakulala, hakunyonya, alilia mpaka sauti ikakauka. Walimkimbiza hospitali, akalazwa. Daktari aliuliza amepakwa nini, na Yunisi akajibu mara moja, kwa kuwa alishaambiwa mbele ya kanisa zima. Ni dawa kali, daktari alisema, kipimo hakijulikani, na ngozi ya mtoto mchanga inainywa yote. Ukiiacha ghafla ndiyo hivi. Ni bahati mmejua mapema, alisema.

Bahati! Majivuno yaleyale yaliyomsimamisha Ferista kanisani ndiyo yaliyomsaidia mtoto kutibiwa, na ndiyo yaliyompokonya mtoto huyo.

Hezron alirudi nyumbani, akamkuta mama yake ameketi jikoni bila moto. "Mama, sitakuvunjia heshima," alisema. "Lakini Boazi hutamgusa tena."

"Nilitaka apone, mwanangu."

"Ulitaka apone kwa mkono wako," Hezron alisema, akatoka.

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa ya kweli. Habari zilienea kisimani, sokoni, kila mahali. Wanawake wakawa wanajifungua, na hakuna aliyetumwa kumwita. Wengine waliomshangilia Jumapili ile ndio waliokuwa wa kwanza kusema walimjua zamani. Binadamu hao! Beseni la bati likawa la kunyweshea kuku.

Boazi alipona pole kwa pole, kwa maji ya uvuguvugu na mafuta yaleyale ya visigino. Akaota meno, akatembea, akaanza kusema. Nyuma ya magoti palirudi kuwaka kila baridi ilipoingia, na Yunisi alipatuliza. Ferista alitazama kwa mbali, kwenye kigoda chake, kila jioni, na watoto wa jirani waliocheza na Boazi waliambizana wasimsogelee, bibi yule anauma.

Yunisi hakuwa mtu mbaya. Jioni moja, akiwa na mimba ya pili na kiuno kinamuuma, alimaliza kumwogesha Boazi, akamkausha, akamgeukia mama mkwe wake, akamnyooshea kopo la mafuta. "Mama," alisema, "leo mpake wewe."

Ferista hakuamini. Aliosha mikono kwanza, akaifuta kwenye kanga, akachota mafuta, akayasugua viganjani yapate joto, vilevile alivyokuwa akimwona Yunisi akifanya. Kila kitu alikifanya sawasawa.

"Njoo, mume wangu," alisema.

Boazi alitazama mikono ile. Akaficha mikono yake mgongoni, akarudi nyuma mpaka akagota kwenye magoti ya mama yake, akaanza kulia kabla hajaguswa. "Bibi hapana," alisema. "Bibi anauma."

"Haumi, mwanangu, ni mafuta yako yale," Yunisi alimbembeleza. Mtoto akazidi kulia.

Ferista alibaki ameinyoosha mikono, mafuta yakiyeyuka yakidondoka chini. Katika watoto wote aliowaogesha, hakuwahi kumrudishia mama mtoto ambaye hajampaka mafuta. Alilirudisha kopo kwa Yunisi.

"Mpake wewe, mama Boazi," alisema. "Ngozi isije ikakauka."