Bangili Aliporudi na Mvi Zake

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikija kusahau majina ya wajukuu zangu, yenyewe sidhani kama itanitoka. Ilikuwa siku ya soko, mchana, nami nimeketi kwenye benchi ndani ya banda la video pale Lushoto, mtandio nimeufunga shingoni ingawa mle ndani kulikuwa na joto la watu. Pembeni yangu alikaa Mama Shanta, fundi cherehani niliyekuwa nikimfanyia kazi. Tulikuwa tumekwenda kumtazama mwigizaji mmoja wa Kihindi. Lakini ngoja nianzie mbali kidogo, maana nyie mmekuta filamu zimo kwenye simu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani tulishazoea rafu tupu, sasa vitambaa vinarudi, sabuni za kunukia zinarudi, na watu wanapanda kutoka Mombo na marobota ya mitumba. Deki za video nazo zikaja. Bwana mmoja akajenga banda la mabati nyuma ya soko, akaweka mabenchi na televisheni moja, jenereta inanguruma nje. Kihindi hatukukijua, lakini tulilia pale pale walipolia wao.

Tuliyempenda kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja ambaye jina lake halisi lilitushinda kutamka. Tulimwita Bangili, kwa sababu alivaa bangili mkono mzima, na akicheza unazisikia kabla hujamwona. Wasichana wa Lushoto tulisuka nywele kama zake. Wengine walijaribu hata kutembea kama yeye, kwenye miteremko yetu ile yenye utelezi, unaweza kufikiria yaliyowapata.

Mama Shanta ndiye aliyenisimulia maisha yake. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kitamu kuliko changu mimi niliyekulia Kishambaa upande wa Vuga. Ndugu zake walimtumia magazeti ya filamu ya Kihindi, naye alinisomea huku mimi napinda na kutia vifungo. Kumbe Bangili alianza kuigiza akiwa mtoto mdogo. Baba yake alikuwa mpiga ngoma, akapooza mkono, na nyumba nzima ikamwangalia binti. Shule hakuimaliza. Alijifunza kusoma kwa kukariri maneno ya kuigiza, mtu anamsomea, yeye anafuatisha kwa kidole. Watengenezaji wa filamu wa kwanza walimkataa, wakasema sauti yake nyembamba na miguu yake mizito. Akacheza mpaka nyayo zikapasuka. Baadaye hao hao wakawa wanasubiri mlangoni kwake.

Halafu, katikati ya sifa zote hizo, akaolewa na kuacha. Miaka ikapita kimya. Mumewe akafariki. Magazeti yakampiga picha akitoka sokoni, amenenepa, mvi zimeonekana, wakaandika maneno ya kumcheka. Siku alipofika kwenye ukurasa huo Mama Shanta alilifunga gazeti, akakanyaga cherehani kwa nguvu.

Sasa na mimi nilikuwa na yangu. Nyumbani nilijulikana kwa sauti. Tangu nikiwa msichana mdogo niliongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu, na sikukuu zikifika watu walipanda mlima kutoka vijiji vingine kuja kunisikia. Wakisema "Foibe ataimba", kanisa linajaa mpaka nje. Nilipofika umri wa kuposwa nikaota tezi shingoni, lile tunaloita rovu, ambalo kina mama wengi wa milimani kwetu walikuwa nalo. Likakua hadi likaanza kunibana pumzi. Daktari alinieleza mapema, kwa upole, kwamba mishipa ya sauti iko jirani sana na kwamba huenda isibaki kama ilivyokuwa. Nikasema nataka kupumua. Nikapasuliwa, nikapona. Lakini nilipofungua mdomo kuimba, ilitoka sauti nyingine kabisa, nzito na yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Sikurudi kwenye kwaya. Niliwaambia watu bado naumwa. Nikashuka Lushoto kwa Mama Shanta, ambaye naye alikuwa akija kunisikia sikukuu, nikajificha kwenye kazi ya sindano. Jumapili kengele ikilia nilijitafutia la kufanya. Mama yangu akaacha hata kuimba jikoni, ili asinikumbushe.

Basi, siku ile ya soko, tukasikia mkanda mpya umeletwa na Bangili yumo. Mama Shanta, ambaye hakuwahi kukanyaga bandani, akafunga duka na kujitanda. Tukaenda.

Banda lilijaa. Filamu ikaanza, tukamngoja Bangili, hatumwoni. Kuna msichana mwingine, mwembamba, anacheza mvuani. Kisha mlango ukafunguliwa kwenye ile filamu, akatokea mama mtu mzima, sari nyeupe, mikono mitupu, nywele zimejaa mvi. Ilichukua muda watu kumtambua.

"Ndiye huyo?" kijana mmoja akapaza sauti. "Mbona bibi kizee! Rudisha mkanda!"

Banda zima likacheka. Mwingine akadai arudishiwe kiingilio. Mimi nilitazama chini, mwanangu. Niliona kama ni mimi ninayechekwa. Nikamshika Mama Shanta mkono, nikamnong'oneza, "Mama, twende zetu."

"Kaa," akasema. "Mtazame."

Yule mama kwenye filamu hakucheza wala hakuimba. Mwanawe alikuwa amekuja nyumbani na hasira, anataka kumtukana, na yeye akamwekea sahani ya chakula. Akamwambia maneno machache, kwa sauti ya chini, nzito, isiyofanana kabisa na ile ya ujana wake. Kisha akakaa kitako kumtazama akila. Basi. Lakini jinsi alivyomtazama! Kicheko kikaisha benchi hadi benchi, tukabaki kusikia jenereta tu. Nilipogeuka, yule kijana aliyetaka mkanda urudishwe alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Tulipotoka nikauliza, "Mama, alimwambia nini?"

"Alimwambia: kula kwanza, kugombana tutagombana ukishashiba."

Tukacheka sote wawili huku macho yamelowa. Tukapandisha barabara polepole, maana magoti yalikuwa yakimsumbua. Karibu na duka akasimama kuvuta pumzi, akanitazama.

"Foibe, nikuulize jambo. Hiyo miaka unayolia, unalilia kuimba, au unalilia kutazamwa?"

Kwa kweli nilikasirika. Nikaona huyu mama hajui alisemalo, yeye hakuwahi kusimama mbele ya kanisa lililojaa. Akaendelea, kwa upole tu:

"Kama ni kutazamwa, lia, mwanangu, hilo limekwenda. Lakini kama ni kuimba, nani amekukataza?"

Nilikaa na swali hilo juma zima. Nililala nalo, nikatia nalo vifungo, nikatia vingine upande usio wake. Kisha siku ya mazoezi nikaomba ruhusa, nikapanda kwetu.

Nilifika wamekwisha kuanza. Mlangoni nikataka kugeuka. Mwalimu Kaniki, mwalimu wetu wa kwaya, akaniona na kunisalimu Kishambaa, "Onga mshi, Foibe," kana kwamba tuliachana jana. Nikamwamkia. Binti aliyechukua nafasi yangu, Naomi, akaondoka mstari wa mbele mbio, uso umembadilika.

"Shikamoo dada. Nafasi yako hii hapa."

Mwanangu, ningeweza kuipokea. Watu wote walikuwa wananitazama, na yeye alikuwa tayari kunipa. Nikamshika bega. "Marahaba. Hapana, Naomi, baki. Mimi nitatafuta pa kusimama."

Nikaenda nyuma, kwa wanawake wa sauti ya pili. Nilipoanza, sauti ilikatika. Mwalimu akasimamisha wimbo. Nilidhani ardhi inanimeza. Lakini yeye aliinamisha kichwa, akafikiri, akasema, "Shuka chini zaidi. Imba pamoja na wanaume, juu kidogo tu yao." Nikashuka. Na huko chini, mwanangu, nikaikuta sauti inanisubiri. Haikung'aa, lakini ilisimama. Mama mmoja mbele yangu akageuka kuangalia ni nani, akatabasamu.

Niliimba hapo miaka mingi. Watu hawakupanda mlima tena kwa ajili yangu, walipanda kwa ajili ya Naomi, nami nilimfundisha kupumua na kutunza koo lake. Mama yangu akaanza tena kuimba akisonga ugali. Naye Mama Shanta aliniomba siku moja nimwimbie pale dukani, akaondoa mguu kwenye cherehani. Nilipomaliza akasema, "Ile ya zamani nilikuwa naisikia ikipita juu. Hii inakaa."

Sasa nikwambie ninachotaka kukwambia. Leo una sura, una nguvu, wanakupigia makofi, na mimi nafurahi nikikuona. Furahi na wewe. Lakini jiulize mapema unapenda nini, kazi yenyewe au macho ya watu, kwa sababu macho ya watu yatahama, yatakwenda kwa mwingine, na huyo mwingine hana kosa, usimchukie. Siku hiyo usijifungie ndani. Omba nafasi nyingine katika kazi ile ile, hata kama ni nyuma, hata kama ni chini. Na ukiona mtu mzima amerudi kwenye kazi yake na mvi zake, usiwe wa kwanza kucheka. Mtazame mpaka mwisho.

Mungu akupe kazi utakayoipenda hata pasipo na mtu wa kukusifu. Akupe mtu wa kukuambia "kaa" pale unapotaka kukimbia. Na miaka ikikuondolea kitu, ikuachie cha kutosha cha kuimbia. Nenda na amani, mwanangu.