Mvua ya Mawe Siku Tuliyomzika Baba

Tulimzika baba yangu nyumbani kwetu Akheri, kwenye shamba lake la migomba, siku ambayo mvua ya mawe ilishuka kutoka Mlima Meru ikatoboa paa la nyumba yake na kuvunja magari ya watu waliokuja kumzika. Mpaka leo mtu wa kule akitaka kunieleza kwamba alimfahamu baba, husema, "Ni yule mzee aliyezikwa siku ya mawe." Huwa naitikia tu. Miaka yake yote ya kuamka kabla ya ng'ombe, miaka yote ya uzee wa kanisa, imemezwa na mchana mmoja ambao yeye mwenyewe hakuuona.

Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake kabla sisi hatujazaliwa. Kuta ni za tofali za kuchoma. Juu kulikuwa na mabati membamba ya zamani yaliyokwisha kuwa mekundu kwa kutu, na hakuna dari, kwa hiyo ukilala chali unaona kenchi na papi zote, mbao zinazobeba bati. Kila masika yalipokaribia baba alipanda juu na kopo la lami na vipande vya tyubu ya baiskeli, akaziba matundu aliyoyaona tangu mwaka uliopita. Mwaka ule hakupanda. Alikuwa kitandani, na sisi wawili, kaka yangu na mimi, tulikuwa na mambo mengine ya kuhangaikia kuliko paa.

Mimi nashona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba niliyopanga Levolosi, mjini. Kaka, ambaye ni mkubwa kwangu, anaishi Olasiti. Wakati ule alikuwa na gari dogo jeupe, alilonunua likiwa limekwisha kutumika, akibeba abiria wanaompigia simu. Ndilo gari lililompeleka baba hospitali na kumrudisha muda wote wa kuumwa kwake. Kaka aliilaza siti ya mbele ili mzee aegemee, akamwekea mto wa mtoto wake shingoni. Baba alilipenda lile gari. Alikuwa haoni vizuri tena, lakini akisikia linapanda kilima kutoka Tengeru, alijua ni lenyewe na alianza kutafuta kofia.

Siku ya mazishi asubuhi kulikuwa na jua kali. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea. Magari yalipangwa kwenye kiwanja kilicho wazi kando ya barabara, kwa sababu chini ya miti kulikuwa kumejaa viti na masufuria ya wapishi. La kaka lilibaki uani, mbele ya dirisha la sebule, maana kila mara alikuwa anatumwa kufuata maji, mkaa au mgeni aliyepotea njia.

Ibada ilipofika katikati, mlima haukuonekana tena. Wingu lilikuwa limeufunika mpaka chini, jeusi lenye rangi ya kijani kidogo pembeni, na upepo uliotoka huko ulikuwa wa baridi isiyo ya kawaida. Mchungaji alisoma haraka haraka. Jiwe la kwanza lilianguka kwenye turubai la waombolezaji kama kokoto iliyorushwa na mtoto, na watu wengine walicheka kidogo. Likafuata la pili, halafu hatukuweza tena kuhesabu. Mwanzoni yalikuwa kama punje za mahindi. Baadaye yakawa kama ndimu. Turubai lilibeba uzito kwa muda, nguzo moja ikateleza, na upande wote wa kwaya ukaporomoka.

Wanaume waliinua jeneza wakakimbia nalo sebuleni. Wengine tuliingia nyuma yao, wengine jikoni, wengine bandani kwa ng'ombe. Sebule ilijaa mpaka hakuna pa kukanyaga. Mama alikaa chini kwenye mkeka, mkono wake mmoja umeshika mguu wa stuli iliyobeba jeneza. Kelele za mawe juu ya bati siwezi kuzieleza. Niliona mdomo wa mchungaji unacheza, nafikiri alikuwa anaomba, lakini hata mtu aliyesimama bega kwa bega naye hakusikia kitu.

Halafu paa lilianza kutoboka. Jiwe la kwanza kuingia lilipita karibu na kabati likapasuka sakafuni. Yakaingia mengine, na pamoja nayo vipande vya kutu na maji. Wanawake waliweka masinia na viti vya plastiki kichwani. Mawe mawili matatu yaligonga jeneza, na mlio wake, sijui kwa nini, niliusikia katikati ya kelele zile zote.

Kaka alitoka chumbani akiwa na godoro. Tulikuwa tumepanga magodoro kule kwa ajili ya wageni wa kulala. Alilibeba kichwani akisukuma watu kuelekea mlangoni, nami nilielewa mara moja anakwenda wapi, kwa sababu dirishani niliona boneti la gari lake linavyobonyea, na kioo cha mbele bado kizima.

Mama naye alielewa. Sijawahi kumsikia mama yangu akipaza sauti, si kwa watoto wala kwa mnyama. Siku ile alipaza.

"Mfunike baba yako!"

Kaka alisimama mlangoni. Alitazama nje, akamtazama mama. Kisha akarudi, akalitandaza godoro juu ya jeneza, na kulishikilia kwa mikono miwili huku dirisha likiwa mgongoni kwake. Mimi ndiye niliyeliona gari. Kioo cha mbele kilipasuka kwanza upande wa dereva, kikawa cheupe chote, kikaingia ndani. Cha nyuma sikukiona, lakini nilijua. Kaka hakugeuka, nami sikumwambia.

Mvua ilipokatika, ilikatika ghafla. Tulitoka nje tukakuta uwanja umekuwa mweupe, na miguu inazama kwenye barafu mpaka kwenye vifundo. Migomba karibu yote ilikuwa imechanwa ikabaki mashina yenye nyuzi nyuzi, na hewa ilijaa harufu ya majani mabichi, kama mtu ametwanga shamba zima kwenye kinu. Kuku kadhaa walikuwa wamekufa kando ya banda.

Wageni walikwenda kiwanjani kuangalia magari yao. Niliwaona wakiyazunguka taratibu, wakipapasa paa, wakiokota vipande vya saiti mira, vile vioo vya pembeni. Baba mdogo, aliyetoka Moshi na gari ambalo lilikuwa bado lina nailoni kwenye siti, alisimama mbele ya lake, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo. Hakuna aliyelalamika. Watu wanaona aibu kulilia gari kwenye msiba. Walirudi mmoja mmoja wakatupa pole ya baba, nasi tukawapa pole ya magari. Kaka hakwenda kulitazama lake. Alipita pembeni yake kama vile ni la mtu mwingine.

Kaburi lilikuwa limejaa barafu zaidi ya nusu. Wazee walishauriana. Wengine walisema jua linakwenda, barabara imekuwa tope, watu wana safari, tumshushe tu, barafu itayeyuka. Mchungaji naye aliona hivyo, ingawa alisema kwa upole sana. Mama alikuwa ameletwa pale akishikwa na wanawake wawili.

"Hapana," alisema. "Huyu mzee alikuwa anaogopa baridi."

Ilikuwa kweli. Baba alivaa sweta hata Januari. Basi vijana waliingia kaburini na makoleo, wakajaza ndoo na makarai, wakawapa wa juu kumwaga. Walifanya hivyo mpaka midomo yao ikawa ya bluu. Walipomaliza, bado chini kulikuwa na maji yenye vipande vinavyoelea, na kwenye pembe barafu ilikuwa imeshikamana na tofali, haitoki. Walikata majani ya migomba yaliyobaki wakayatandika. Mama alichungulia, akatikisa kichwa, kisha akawaambia waendelee. Nadhani alikuwa amechoka kuomba. Nilitaka kufanya kitu, nikavua hata kitenge changu, lakini nikiwa nimekishika mkononi nikaona hakina kazi yoyote pale, nikajifunga tena.

Siku zilizofuata zilikuwa za paa. Jua likiwaka, sebule na chumba cha mama vilijaa vitone vya mwanga sakafuni, ukutani, juu ya shuka, hata usoni kwake akiwa amelala. Tulimtafuta fundi, lakini Akheri nzima ilikuwa inatafuta fundi, na maduka ya Tengeru yalikuwa yameishiwa mabati. Tulipompata mmoja, alimwamkia mama, akapanda, na kabla hata hajatembea akabonyeza bati kwa kidole. Kidole kikapita. Akashuka.

"Mama, hizi siwezi kuziba," alisema. "Nikipiga msumari zinachanika. Ni kuezua zote. Na papi za upande huu zimeoza, sijui hata zilikuwa zinashikilia nini."

Mama alimshukuru akamwambia mtu ampe chai.

Tulinunua turubai tukalifunga kwa kamba juu ya nyumba. Mvua iliyofuata haikuwa na mawe, lakini ilikuwa ndefu. Maji yalijaa katikati ya turubai likabonyea mpaka likagusa kenchi, na upepo ulipokuja ukaling'oa upande mmoja. Nilisimama nje nimeshika kamba kwa mikono yote miwili, nikivutwa huku na huku kama nimemshika ndama mkaidi, nikaishia kuiachia kwa sababu ilinichuna viganja. Ndani, mama alikuwa amesogeza kitanda kwenye pembe pekee isiyovuja na kukaa juu yake, miguu ameikunja. Nilimbembeleza twende wote Levolosi mpaka masika yaishe.

"Nikiondoka, yeye atabaki na nani?" aliniuliza.

Nilipanda kitandani, nikakaa naye.

Gari nalo lilikuwa na habari zake. Kaka alilirudisha mjini akiwa amebandika nailoni mahali pa kioo cha mbele, kichwa amekitoa dirishani, na askari wa barabarani walimsimamisha, wakatazama, wakamwonea huruma wakamwachia. Alikuwa na bima ndogo tu, ile inayowalipa wengine ukiwagonga. Baba mdogo alikuwa na bima kubwa, tukadhani yeye angalau amepona, lakini aliambiwa mvua ya mawe ni jambo la Mungu, na kwamba asubiri waliangalie. Alisubiri muda mrefu. Fundi wa bodi alibandua kitambaa cha ndani ya gari la kaka, akagonga paa kwa nyundo kutokea chini, akapaka puti ya kujazia mabonyeo, akapiga rangi. Kwa mbali lilionekana zima. Kwa karibu lilikuwa kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na weupe wa boneti haukufanana na weupe wa milango. Kioo cha mbele kilichelewa, na kilipokuja hakikukaa vizuri. Mvua ikinyesha, maji yalimdondokea dereva magotini. Abiria walikuwa wakiliona linakuja, wanapiga simu kwamba wamepata usafiri mwingine. Mwishowe alilipaki, akaajiriwa kuendesha lori la mchanga la mtu.

Mama alikuwa akinipigia simu, na baada ya salamu akiuliza, "Gari la kaka yako limepona?" Nilikuwa nikimjibu bado kidogo.

Jumapili moja tulikwenda wote wawili kumwona. Baada ya kula, mama alimtazama kaka kwa muda, kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya chini, "Mwanangu, heri ningekuacha uende siku ile. Baba yako alikuwa hasikii kitu."

Kaka alicheka. "Mama, lile ni bati tu. Achana nalo."

Alisema vizuri, hata mimi nilimwamini. Lakini tulipokuwa tunashuka kwa miguu kwenda kusubiri usafiri, karibu na barabara ya lami, alisema bila kunitazama, "Huwa najiambia godoro lisingesaidia."

Nilimuuliza kama kweli anaamini hivyo.

"Boneti lisingepona," alisema. "Kioo kingepona." Kisha akasimamisha pikipiki, akanipakia mimi kwanza, akasema yeye atafuata.

Ndugu na watu wa jumuiya ya kanisa walichanga mabati mapya, ya bluu, yakatosha chumba cha mama na sebule. Jikoni bado kuna turubai. Mama analala pakavu sasa, na migomba imechipua tena, iliyo karibu na kaburi ikichipua kuliko yote. Lakini wingu likijikusanya juu ya Meru, hata likiwa la mvua ya kawaida, simu yangu huita, na nikishapokea huita ya kaka. Ni mama, anatuuliza tuko wapi. Mimi humwambia niko kwenye cherehani, ndani, nimefunga mlango. Kaka humwambia yuko barabarani na lori, hana pa kulificha. Mama husema sawa.