Jumatano za wanawake: shangazi yangu, mikanda ya sinema na safari ya Koboko

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni wa kusoma na kugonga like tu, lakini leo nimeona niandike. Niliyoyaona nitasema niliyaona, na niliyoambiwa nitasema niliambiwa. Sina haja ya kuongeza chumvi, stori yenyewe inatosha.

Mimi ni Mnubi wa Arua, Uganda. Kiswahili cha kwetu kina "iko" nyingi. Wakuu wa pwani mkizikuta midomoni mwa watu wangu, msizirekebishe. Ndivyo walivyosema.

Nimewaona vijana wanabishana humu kuhusu filamu za maisha ya wanawake na watu wa pembezoni, kwamba ni mambo ya kisasa, ya wasomi wa mijini. Nikacheka peke yangu. Nikamkumbuka shangazi Zamzam.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Mjane, mrefu, mkali kwa maneno na mpole kwa mikono. Kwa miaka mingi alikuwa yaya kwenye nyumba ya Mhindi mwenye jumba la sinema pale mjini. Kihindi alikiokota jikoni na kwa watoto, hadi akawa anagombeza kwa lugha hiyo bila kukwama.

Mwaka 1972 Wahindi wakaamriwa kuondoka nchini. Familia ile nayo ikaenda. Mama mwenye nyumba na shangazi walikumbatiana mlangoni, wakalia wote wawili.

Sinema akapewa mtu mwingine. Huyo alitaka picha za ngumi na bastola tu. Mikanda ya Kihindi ikabaki imerundikwa stoo, ndani ya makopo yake ya bati.

Shangazi akamfuata. Akaomba Jumatano alasiri, wakati ukumbi uko mtupu, awaonyeshe wanawake picha. Bwana yule alikubali, nadhani kwa sababu hakujua namna ya kumtoa ofisini. Shangazi alikuwa anaweza kukaa kwenye kiti chako mpaka ukubali mwenyewe.

Ndipo nikaingia mimi. Nilikuwa binti niliyemaliza shule ya misheni pale Mvara, nipo nyumbani nasuka vikawa vya kufunikia chakula. Shangazi akasema sasa nina kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua. Tulifungua kopo, tukauvuta mkanda kidogo, tukauinua dirishani dhidi ya jua na kutazama vipicha vyake. Kisha tunamwomba mwendesha projekta atuonyeshe kipande.

Shangazi alikuwa na sheria yake. "Hii mwanamke iko naimba tu," alikuwa akisema. "Hana kazi? Weka kando."

Aliwataka wanaofua, wanaouza, wanaofukuzwa, wanaozeeka. Tukapata picha ya mjane anayeosha vyombo vya watu. Tukapata ya mcheza ngoma ambaye mchana hakuna anayemsalimia. Zile za binti mrembo na kijana tajiri alizirudisha stoo bila huruma.

Jumatano ikifika, wanawake walikuja. Wanubi wa mjini na gurbaba zao, mavazi yetu yale ya kujifunga. Walugbara kutoka Ediofe na Mvara, wengine kwa miguu toka Ayivu. Waume wachache walinung'unika. Shangazi akawaambia wasihofu, wakae nje na watoto mpaka picha iishe. Na kweli kuna waliokaa.

Yeye alisimama pembeni ya skrini akitafsiri kwa Kiswahili. Siyo kutafsiri tu, wakuu. Alibishana na watu wa kwenye picha. Mume akidanganya, shangazi anatafsiri, halafu anaongeza, "Na bado iko nadanganya."

Sasa Candiru.

Candiru alikuwa mwanamke wa Ayivu, muuza unga wa muhogo sokoni. Aliolewa Koboko, mji wa kaskazini yetu, akakaa huko miaka bila kupata mtoto, mama mkwe wake akamrudisha kwao. Watu wakasema ana mkosi. Kwenye sinema alikaa benchi la nyuma, peke yake. Wenye watoto wachanga walikuwa wakilikwepa benchi hilo.

Jumatano moja tulikuwa na picha ya mke asiyezaa. Shangazi aliichagua makusudi, ingawa hakusema. Ikafika mahali mama mkwe amesimama uani anamtukana yule mke. Shangazi akanyamaza. Picha inaendelea, mdomo wa yule mama unakwenda, sisi hatusikii kitu.

Mtu akauliza amesema nini. Shangazi akajibu kwamba ni maneno mabaya, hatayasema.

Sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Candiru, na tulikuwa hatujawahi kumsikia akiongea mle ndani.

"Mama Zamzam, wewe sema tu. Hiyo maneno mimi najua. Mimi nataka kusikia huyu mwanamke itajibu nini."

Shangazi akalisema. Tasa. Halafu akatazama skrini, na mimi nilijua angeweza kutunga jibu lolote, maana hakuna mwingine aliyejua Kihindi.

"Hajibu kitu," akasema. "Iko nabeba sufuria yake, iko naenda."

Kisha bibi mmoja wa Kinubi akamjibu yule mama mkwe kwa niaba yake, kwa Kinubi, na maneno hayo sitayaandika hapa, mods watanifungia. Mwingine akaongeza. Wakamtukana mama wa kwenye skrini mpaka mwendesha projekta akachungulia kwenye tundu lake.

Picha ilipoisha, Candiru alikuwa anacheka na kulia pamoja. Jumatano iliyofuata, benchi la nyuma lilijaa.

Baadaye wanawake wa Koboko walisikia, wakaomba na wao. Tukapata lori la tumbaku, projekta na jenereta, na ghala moja ambalo madirisha tuliyaziba kwa mablanketi. Shida ilikuwa lugha. Wanawake wa vijijini kule walijua Kikakwa tu. Kati yetu aliyekijua alikuwa Candiru, kwa miaka aliyokaa kwa mume.

Hakutaka kwenda. Shangazi hakumlazimisha, alimwambia tu kwamba bila yeye watu watatazama midomo inayochezacheza. Asubuhi ya safari tulimkuta ameshakaa juu ya lori.

Picha ilikuwa ile ile ya mke asiyezaa, wenyeji ndio walioiomba. Shangazi anasema kwa Kiswahili, Candiru anasema kwa Kikakwa. Mstari wa mbele alikaa bibi mmoja amejitanda shuka. Nikaona Candiru amemwona, akamnong'oneza shangazi kitu. Shangazi akanong'ona kwangu, "Ndiyo huyo mama mkwe yake."

Likaja lile tusi. Shangazi akalisema polepole, akingoja. Candiru akalisema kwa Kikakwa, wazi, bila kumtazama mtu. Sijui Kikakwa, lakini nilijua limesemwa kwa jinsi ghala lilivyotulia. Bibi yule akashusha macho, asiyainue tena mpaka mwisho.

Watu wakatoka. Yeye akabaki. Mimi na shangazi tukajifanya tunakunja mablanketi.

Waliyosemezana Candiru alituambia asubuhi, tukinywa chai kwa jamaa zetu waliotulaza.

Bibi alimuuliza, "Yule mwanamke aliyebeba sufuria, aliishi wapi baadaye?"

Candiru akamjibu, "Anakaa Arua. Anauza unga. Ni mzima."

Bibi akafikiri. "Mwambie nimeuliza," akasema, akaondoka.

Basi. Hakuomba radhi, na Candiru hakurudi kwa mume. Lakini kila mavuno, lori la kutoka Koboko lilikuwa linaleta beseni la simsim, yaani ufuta, kwa Candiru, bila ujumbe wowote. Ilikuwa hivyo mpaka vita vya 1979 vilipotutawanya.

Shangazi alifia ng'ambo, upande wa Kongo. Candiru alirudi Ayivu na yupo hadi leo. Anatazama filamu zilizotafsiriwa, na analalamika kwamba vijana wanaotafsiri siku hizi wanaongea kuliko picha yenyewe.

Nilichojifunza, wakuu: kuna mambo mtu hawezi kumwambia mwenzake usoni. Mpe mtu wa kwenye picha, atayasema kupitia kwake. Shangazi hakusoma hata darasa moja, alitaka tu wanawake wa kwetu wapate mtu wa kumuulizia, kama bibi yule alivyomuulizia mbeba sufuria.

Ukumbi ni wenu. Mama zenu na bibi zenu walitazama picha gani, na walikuwa upande wa nani? Na wewe wa Koboko, kama bibi yako alikuwepo ghalani siku ile, niandikie hapa alirudi nyumbani akisema nini.