Hodi ya Fundi Juma

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Diani, katika nyumba ya kupanga iliyogeuzwa ofisi ya filamu, nikiwa na cheti cha chuo na imani moja: kwamba kila sauti ya kweli inastahili kunaswa. Niliajiriwa kuwa mnasa sauti. Mnasa sauti huvaa hedfoni kutwa, hushika mlingoti wenye maikrofoni nchani, na huwabandikia waigizaji vinasa sauti vidogo kama kunde chini ya nguo zao. Nawaandikia ninyi mtakaoishika kazi hii baadaye, kwa kuwa chuoni sikuambiwa kwamba mvaa hedfoni husikia na yale asiyokusudiwa.

Filamu yenyewe ilihusu wapelelezi wastaafu wanaoitwa tena kazini uzeeni. Mwongozaji, mwanamke wa Nairobi asiyepoteza neno, alinipokea hivi: "Picha ikiharibika tunarudia. Sauti ikipotea, na wewe potea nayo."

Pembeni aliketi Mshauri, mzee mwembamba wa Kinango, ambaye kwa kweli alikuwa mpelelezi wa serikali kabla ya kustaafu. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, kisha akazitazama hedfoni zangu.

"Kumbe tu wa kazi moja, mwanangu. Ila wewe unaowasikiliza wanakuona."

Tulianzia Msambweni. Huko alimfundisha mwigizaji mkuu maana ya jina la kazi, yaani jina analopewa mpelelezi pamoja na maisha mazima ya kuliishi. "Wa sinema hujificha kwa miwani," alisema. "Sisi tulijificha kwa ufundi. Ukitengeneza mashine ya boti ikawaka, hakuna anayekuuliza kwenu ni wapi." Nilimsikiliza kwa mshangao wa mtu aliyeoneshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yao.

Ilipotangazwa kwamba tutahamia Vanga, alinijia nikikunja nyaya.

"Kule nitakaa garini."

"Kwa nini, mzee?"

"Niliishi Vanga miaka mingi nikiitwa Fundi Juma. Kuna mama aliyenilisha kama mwanawe. Nilipohamishwa, amri ilikuwa niondoke alfajiri, nisimuage mtu. Yule mama akinijua leo na akanikataa, sitastahimili."

Mwongozaji hakuyajua hayo. Nyumba aliyoikodi Vanga ilikuwa ya Bi Mwanakombo, ajuza aliyekubali kukaa uani akiparua samaki huku kamera ikimpita. Katika onyesho hilo mpelelezi mzee anarudi kwenye nyumba aliyoikimbia. Mwigizaji mkuu alisukuma mlango akaingia akizungumza.

"Huyu baba kwao hakuna mlango?" akauliza Bi Mwanakombo.

Tukarudia. Safari hii mwigizaji alipiga hodi huku mguu mmoja ukiwa ndani tayari.

"Hodi si ufunguo, baba. Ngoja uitikiwe."

Watu wakacheka. Mwongozaji akaita kuelekea garini: "Mzee, kuja utuonyeshe. Huyu anaingia kama anauza bima." Kisha akaniagiza nimbandike Mshauri kinasa sauti, ili mwigizaji aje aisikilize hodi yake.

Nilipokibandika, moyo wake ulinijaa masikioni.

"Ni nyumba ile," alininong'oneza.

"Kataa, mzee."

"Nikikataa wataniuliza sababu."

Alisimama nyuma ya mlango, asionekane. "Hodi," akaita taratibu. Akangoja. "Hodi wenyewe."

Kisu kikaacha kuparua.

"Karibu, Fundi Juma," alijibu Bi Mwanakombo bila kugeuka. "Tulidhani umekwenda Lungalunga kutafuta plagi ya boti. Umeipata?"

Nilikuwa nimesoma jinsi sikio linavyofanya kazi, lakini sikujua kwamba linaweza kumtunza mtu muda wote huo. Mwongozaji alimwashiria mpiga picha aendelee.

Mshauri aliingia, akachutama mbele yake. "Nisamehe, mama. Sikuaga."

"Aliyekufa haagi. Nilikuombea dua ya maiti, Juma."

"Na Juma si jina langu."

Bi Mwanakombo alifuta magamba mikononi kwa upindo wa kanga, pole pole, kama anayeitafutia haki hukumu yake.

"Basi toka upige hodi upya. Ukiingia, nipe jina lako sikioni, mimi peke yangu. Huyo Juma nimekwisha kumzika."

Mzee alitoka. Mwongozaji aliniashiria niongeze sauti. Jina ambalo mtu yule alifundishwa kulificha hata usingizini lingepita kwenye kinasa sauti kifuani pake, na katika umati ule wote ni mimi tu ningelisikia. Hodi ikapigwa, ikaitikiwa. Alipoinamia sikio la ajuza, nilizima mtambo na kuvua hedfoni.

Niliona midomo yake ikitikisika. Niliona Bi Mwanakombo akimkamata mkono, kisha akimsogezea kigoda.

"Umeipata?" Mwongozaji aliuliza.

"Nimezima."

"Hiyo ndiyo ilikuwa filamu yenyewe."

"Najua."

Mwongozaji akawaamuru wote watoke, wenyeji wapate kula.

Kustaafu, kama nilivyofunzwa na mzee yule, huja muda mrefu baada ya kurudisha kitambulisho, na si kila mtumishi hujaliwa kustaafu kweli. Jioni tulipotaka kuondoka, nilikwenda kumwita aje garini.

"Tangulieni," alisema, akiwa ameshika kisu na samaki aina ya changu mkononi. "Leo nitaaga kwanza, na sijui kuaga kutachukua siku ngapi."