Fundi wa Nguo Aliyepiga Marufuku "Ndiyo"

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne moja asubuhi, mwezi uliopita, kwa lugha mbili, na zote mbili sizijui. Ujumbe wa sauti wa kwanza ulitoka kwa mama mmoja wa Kisumu Ndogo, kule Kibera, akizungumza Kijaluo. Wa pili ulitoka kwa mzee wa Kawangware, akizungumza Kikuyu. Nililitambua jina lake mara zote mbili, na sauti zilizokatikakatika zikaniambia yaliyobaki. Hakuna aliyejisumbua kunitafsiria. Huo ndio utaratibu wa chama cha wagonjwa alichokianzisha marehemu: kila jambo linasemwa kwa Kijaluo na kwa Kikuyu, na mwenye Kiswahili kitupu kama mimi ajipange. Nimehuzunika sana. Hata hivyo, wasomaji wangu, leo niruhusuni nijivune kuliko kulia, maana mwanamke huyu alinishinda katika ubishi, nanyi mnajua si wengi waliowahi.

Alikuwa fundi wa nguo pembeni mwa Soko la Toi, akipunguza suruali za mitumba zilizoshonewa watu warefu kuliko sisi. Wazazi wake walitoka Nyanza wakapanga Kawangware, katika ploti ya nyumba za kupanga ambayo watoto wengine wote walikuwa Wakikuyu, kwa hiyo alijifunza lugha yao kwa kucheza nao na kugombana nao. Alipoolewa akahamia Kibera. Kisha akapatikana na ugonjwa wa sukari, na kwenye foleni ya kliniki ndiko alikogundua kwamba ulimi wake ulikuwa mali. Wazee waliotoka kwa daktari walikuwa wakimgeukia yeye: "Amesema nini huyo?" Akawa anawaeleza, huyu kwa Kijaluo, yule kwa Kikuyu, mpaka wauguzi wapya wakadhani ameajiriwa pale. Hatimaye akawaalika wote, wenye sukari, wenye presha, wenye pumu, kwenye ukumbi wa kanisa moja Kawangware. Siku hiyo ya kwanza aliwapikia chai ya maziwa iliyokolea sukari, kwa kuwa kwao mgeni hapewi chai isiyo na sukari. Wagonjwa wa sukari wakainywa kwa heshima na kuomba kikombe cha pili. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe, akicheka huku ameshika mbavu.

Mimi nilifika baadaye, na daftari langu na maoni yangu. Mkutano ulichukua asubuhi nzima kwa sababu kila jambo lilisemwa mara mbili. Ulipofika wakati wa kupumzika nikamwambia anapoteza muda: watu hawa wote wananunua na kuuza kwa Kiswahili, lugha ya taifa, basi awasemeshe kwa Kiswahili wamalize mapema. Alinitazama kwa huruma, kama mteja aliyeleta suruali isiyotengenezeka.

"Mwandishi, hiyo Kiswahili yao ni ya soko," akasema. "Ni ya kuuliza hii ni ngapi, punguza kidogo. Mtu akiwa mgonjwa anataka ile aliongea na mamake. Keti hapo, usiende, utajionea."

Akamwita mbele mzee mmoja nadhifu, mwenye ploti kadhaa hapo Kawangware. Kwanza akamwuliza kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, akimwita babu kwa Kikuyu: "Guka, hiyo dawa ya presha unakunywa vile daktari alikuambia?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Ndiyo kabisa."

Nikaandika kwenye daftari kwamba mzee ameelewa. Ndipo akageukia Kikuyu, akamwomba aeleze yote aliyofanya jana kuhusu dawa, tangu kuamka. Mzee akaeleza kwa kirefu. Waliomwelewa wakaanza kucheka. Fundi akatafsiri kwa Kijaluo, halafu akanihurumia na mimi. Mzee alikuwa akimeza dawa siku kichwa kinapomuuma tu. Siku akiwa mzima aliziweka kwenye mkebe, kwani mtu mwenye akili hamalizi dawa bila ugonjwa. Na mpangaji yeyote aliyelalamika kichwa, mzee alimfungulia mkebe akampa mbili, bure, kama mwenye nyumba mwema anavyopaswa kufanya. Hapo mama mmoja upande wa pili, mpangaji wake, akainua mkono na kusema kwa Kijaluo kwamba hata yeye alipewa. Akaongeza haraka kuwa zilimsaidia, asije akamwaibisha mwenye nyumba wake.

Fundi hakucheka. Alimshika mzee mkono akamwambia kwamba ana roho nzuri, lakini roho hiyo nzuri itamzika pamoja na wapangaji wake. Kuanzia siku hiyo akapiga marufuku "ndiyo" katika mikutano yake. Ukiulizwa kuhusu dawa, unaeleza kwa kinywa chako, kwa lugha yako, utakachofanya kesho tangu kuamka, na mtu wa lugha ya pili anakirudia ili wote wapime kama ni sawa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mzee yule hakuficha chochote, aliulizwa vibaya. Sisi ni watu wa adabu, na adabu yetu hutufanya tuitikie ili mwenye kusema asione haya. Daktari, chifu, mwalimu, mchungaji, wote huuliza "Tumeelewana?" na sisi hujibu "Ndiyooo!" kwa sauti moja, kisha tunakwenda nyumbani na mkebe wetu. Nimeitetea lugha ya Kiswahili katika safu hii miaka mingi na bado nitaitetea. Ila siku ile niliona aibu kwamba sikuwahi kujiuliza ni nani anayeniitikia kwa adabu.

Hofu yangu ilikuwa moja: ni yeye peke yake aliyezimudu lugha zote mbili sawasawa, na afya yake ilikuwa ikizorota. Akiondoka, chama si kitakufa? Kumbe aliliwaza hilo kabla yangu. Mwaka jana alianza kudai sauti imekauka. Akawasukuma mbele wanawake wawili waliobabaisha lugha ya wenzao, akakaa nyuma akishona vifungo vya watu, na kukohoa pale tu kosa lilipokuwa la hatari. Nilimsikia sokoni siku hizo akibishana na wateja kwa sauti nzima kabisa.

Jumamosi iliyopita, baada ya mazishi yake kule Nyanza, nilikwenda Kawangware nikitarajia kukuta ukumbi umefungwa. Ulikuwa umejaa. Mmoja wa wale wawili alikwama katikati ya sentensi, akitafuta neno la figo, kama nilivyoelezwa baadaye, na nusu ya ukumbi ikamrushia kwa pamoja. Akalishika, akaendelea. Nilisimama mlangoni na machozi yakanitoka, ya fahari. Sikuelewa hata neno moja, na kazi ilikuwa inakwenda.

Basi nawe uliyeanzisha jambo, ukitaka kujua kama umelijenga, nyamaza ungali hai, usikilize kama litasema bila wewe.