Damu ya Sikio

Kabla sijarudi Nachingwea, sikumjua mtu hapa mwenye hadubini yake mwenyewe ya kupimia mifugo. Stashahada yangu nimeitundika mahali ambapo mteja akikaa lazima aione. Sikusomeshwa na mjomba wala mfadhili. Nilifyatua matofali Dar es Salaam nikajilipia ada. Ndiyo maana nikizungumzia damu, nilizoea watu wanyamaze.

Mzee mmoja wa Matambarale hakunyamaza. Alikuja kwa bodaboda, mbwa wake jike yumo ndani ya kiroba, kichwa nje. Dereva alilalamika, "Babu, mate yake yakinigusa, swala yangu ya adhuhuri imeharibika."

"Kwa homa hii, mate yenyewe anayo?" mzee alimjibu.

Mbwa huyo ndiye aliyewafukuza nguruwe pori kwenye mihogo yake. Mzee aliishi peke yake na goti lake moja halikunji. Bila mbwa, hana shamba. Siku ya tatu mnyama hajala, na fizi zimepauka.

Nilishuku ugonjwa wa kupe. Chuoni tulifundishwa kutoboa ncha ya sikio, maana vimelea hujikusanya kwenye mishipa ile midogo. Lakini mbwa wa kwetu hukatwa ncha za masikio wakiwa wadogo, ati wawe wakali, na pale palikuwa na kovu gumu tu. Nikachukua damu mguuni.

"Mwanangu, sikio halijaisha," mzee alisema. "Hapa pembeni ndipo kupe wenyewe wanapokaa."

"Babu, wewe ulisoma chuo gani?"

Akacheka kidogo. "Cha kupe."

Nilipaka tone kwenye kioo kimoja cha hadubini, nikatia rangi, nikatazama. Sikuona kitu. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: HANA UGONJWA WA KUPE. Nikampa dawa ya minyoo.

Baada ya siku mbili akanipigia simu: mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Nikapanda pikipiki na hadubini yangu, ile inayotumia mwanga wa jua, njia nzima nikijiambia ni figo. Mbwa alilala kando ya ghala, hakuinua kichwa. Safari hii nilitoboa ukingo wa sikio, chini ya kovu, nikapaka vioo vitatu. Vimelea walikuwamo tele, wawili wawili ndani ya chembe nyekundu, kama mabibo yaliyogusana vikonyo.

Nilimchoma sindano.

"Umeona?" mzee aliuliza.

"Nimeona. Ni wadudu wa kupe."

"Wameingia jana, au siku ile walikuwamo?"

Ningesema wameingia jana, angeniamini.

"Walikuwamo, babu. Mimi ndiye sikuwaona."

Hakunitukana, angenitukana ningepata nafuu. Alimfunika mbwa kwa gunia.

Mbwa alikufa asubuhi iliyofuata. Wiki hiyohiyo mzee aling'oa mihogo ikiwa michanga, kwa kuwa nguruwe walishafukua matuta ya mwanzo.

Siku hizi natoboa sikio, vioo vitatu kwa kila mbwa, na kwa kazi hii bado simwoni wa kunishinda kutoka hapa hadi Ruangwa. Lakini kwenye karatasi ya majibu siandiki tena "hana". Naandika "sijaona". Wateja wanaotoka kijiji cha Ruponda hunung'unika: "Sasa daktari, hujaona ndiyo nini?"

Nawaambia wamlete tena kesho.